Sura ya Sita: Shimo Lililo Nyuma ya Jikoni

Kila mazungumzo kuhusu takataka za shule yanapoanza, wazazi na walimu huuliza swali lilelile: "Tutenganishe takataka ya nini, ilhali zote zinaishia kwenye shimo moja?"

Swali hilo ni la haki. Katika shule nyingi za mashambani za Kaunti ya Machakos, kuanzia Mwala hadi Masinga, hakuna lori linalokuja kuzoa taka. Kuna shimo nyuma ya jikoni, kuna kiberiti, na kuna mfanyakazi anayelichoma jioni wanafunzi wakishaondoka. Shule ikipanga mapipa ya rangi tatu mbele ya ofisi, kisha yote yakamwagwa kwenye shimo hilo, watoto watakuwa wamefundishwa maigizo. Nao ni wepesi wa kutambua maigizo ya watu wazima.

Jibu la swali hilo linaanzia mbali kidogo na pale ambapo kampeni nyingi huanzia. Kampeni huanza na chupa ya plastiki na ndoto ya kiwanda kitakachoinunua. Mimi naona shule ya Machakos ianze na sufuria ya githeri. Sehemu kubwa ya kinachotupwa shimoni hakihitaji kiwanda wala lori. Kinahitaji koleo, maji kidogo na miezi mitatu. Kikishaondolewa, zilizobaki huwa chache, kavu na safi, na hapo ndipo unapoweza kuzungumza na mnunuzi wa karatasi au wa plastiki naye akakusikiliza.

Ndani ya shimo kuna nini?

Sera ya taifa ya usimamizi wa taka ya mwaka 2021 inakadiria kwamba Kenya huzalisha takriban tani 22,000 za taka kila siku, na kwamba asilimia 60 hadi 70 ya hizo ni taka ozo. Taka ozo ni zile zilizotokana na mimea au wanyama, zinazoweza kuoza zikawa udongo tena: makombo ya chakula, maganda ya viazi na ndizi, majani yaliyofagiwa uwanjani, nyasi zilizofyekwa, samadi. Plastiki, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kwa sababu upepo huitundika kwenye ua na michongoma, inakadiriwa kuwa asilimia 20 hivi. Karatasi ni kama asilimia 10.

Hayo ni makadirio ya nchi nzima. Ya shule yako utayajua kwa kupima, na kazi hiyo haina gharama. Kwa wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa, wekeni ndoo nne karibu na jikoni: ya taka ozo, ya karatasi, ya plastiki na ya vinginevyo. Jioni, pimeni kila ndoo kwa mizani ileile inayopimia mahindi ya stoo, mwandike daftarini. Wanafunzi wa Gredi ya 6 wanaweza kuchora grafu ya matokeo, na hilo ni somo la hisabati lenye maana kuliko mengi yaliyo vitabuni. Shule inayopika chakula cha mchana itashangazwa na uzito wa ndoo ya kwanza.

Sababu nyingine ya kuanza na taka ozo ni kwamba ndizo zinazoharibu thamani ya nyingine zote. Karatasi iliyomwagikiwa mchuzi wa maharagwe haina mnunuzi. Chupa iliyojaa uji uliochacha itarudishwa au itakatwa bei. Hata majivu ya kuni, ambayo ni mazuri shambani yakiwa peke yake, huwa hatari yakichanganyika na plastiki iliyoyeyuka. Kutenganisha mbichi na kavu ndiyo hatua inayoamua kama zinazofuata zitawezekana.

Sheria nayo inasema hivyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zote, za umma na za binafsi, zitenganishe taka ozo na zisizooza, na ziziweke kwenye vyombo vyenye rangi na maandishi yanayoeleweka. Aprili 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatangaza kuwa taka ozo hazitawekwa tena kwenye mifuko ya kawaida ya plastiki. Kwa shule, ndoo yenye kifuniko inatosha. Hakuna haja ya kununua mifuko yoyote.

Kwa nini moto si jibu

Moto una mvuto wake. Ni wa bei nafuu, unamaliza kazi jioni ileile, na shimo halijai upesi. Lakini plastiki inapochomwa kwenye moto wa wazi, usio na joto la kutosha, hutoa moshi wenye kemikali za sumu, zikiwemo zile zinazoitwa dioksini. Dioksini hukaa mwilini kwa miaka mingi, na huingia kwenye chakula kupitia majani wanayokula ng'ombe na mbuzi. Wa kwanza kuuvuta moshi huo ni mpishi na mlinzi. Katika shule ya bweni, upepo wa jioni huupeleka hadi mabwenini wakati watoto wanasoma prepu.

Taka ozo nazo haziungui vizuri. Zina maji, hivyo hufuka moshi usiku kucha. Shule hujikuta inatumia mafuta ya taa au kuni za kupikia ili kuchoma kitu ambacho kingekuwa mbolea, na muhula unaofuata inatenga fedha za kununua mbolea ya bustani.

Udongo wa Machakos unavyojua kusamehe

Msomaji wa Machakos ana sababu ya kuliangalia jambo hili kwa jicho la pekee. Miaka ya 1930, maafisa wa serikali ya kikoloni waliiandika wilaya hii kama nchi inayokufa: makorongo, vilima vyekundu vilivyovuliwa majani, mifugo mingi kuliko malisho. Dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1938 Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakidai ng'ombe wao. Serikali ikalegeza msimamo, ingawa Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu.

Ardhi ilikuja kupona kwa njia nyingine. Watu walichimba matuta kwenye miteremko, wakapanda miti, wakabeba samadi ya bomani hadi shambani, wengi wao wakiwa kina mama katika vikundi vya mwethya, ule utaratibu wa Kikamba wa majirani kufanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu mageuzi hayo, nacho kikasomwa dunia nzima. Walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa iliyokuwa Wilaya ya Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila hekta yakapanda.

Naitaja historia hii kwa sababu moja. Matuta ya kulazimishwa yalichukiwa. Matuta ambayo mkulima aliona yanamwongezea mahindi yalienea hata pale ambapo hakukuwa na afisa wa kusimamia. Mpango wa taka wa shule utafuata mkondo uleule. Mabango ya "Weka Mazingira Safi" yamekuwepo kwa miongo mingi, na shimo bado linafuka moshi. Kitanda cha sukuma wiki kilichostawi kuliko kile cha jirani yake kina ushawishi ambao bango halina.

Mboji: kalenda yake na kazi yake

Mboji ni mbolea inayopatikana kwa kuozesha majani, makombo na samadi kwa utaratibu, mpaka vikawa kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Kinachoifanya kazi ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinahitaji mambo manne: chakula kibichi, chakula kikavu, hewa na unyevu. Likikosekana moja, kazi husimama au mboji huanza kunuka.

Katika maeneo yenye mvua nyingi, watu hurundika mboji juu ya ardhi. Machakos, hasa sehemu za chini kama Yatta na Masinga, jua litaikausha. Huku chimbeni shimo la kina kifupi, futi mbili hivi, chini ya mti au kivuli, mbali na kisima na vyoo. Kisha:

- Tandazeni chini mabua ya mahindi au vijiti ili hewa ipite.
- Wekeni tabaka la majani makavu, halafu tabaka jembamba la makombo ya jikoni, halafu samadi kidogo au udongo. Rudieni.
- Majani makavu yawe mengi kuliko makombo, kama mara mbili hivi. Hapa ndipo shule nyingi hukosea: zinamwaga makombo matupu, shimo linanuka, nzi wanajaa, na mwalimu mkuu anaamuru lifunikwe.
- Nyunyizeni maji yaliyooshea mchele au mboga. Maji yenye sabuni yasitumike.
- Nyama, mifupa na mafuta yabaki nje, la sivyo mbwa watafukua kila kitu.
- Funikeni kwa nyasi au magunia. Geuzeni kwa uma wa shamba kila baada ya wiki mbili au tatu.

Chomekeni kijiti kirefu katikati. Kikitolewa kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea. Kikitoka kikavu, ongezeni maji. Kikitoka kimelowa na kunuka, ongezeni majani makavu mgeuze.

Sasa kalenda. Huko Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya vuli, inayoanza kati ya Oktoba na Novemba. Mboji iliyojazwa Juni na Julai, katikati ya muhula wa pili, huwa imeiva Oktoba, wakati wa kuandaa mashimo ya kupandia. Likizo fupi ya Agosti ndiyo mtihani wake. Mtu lazima alimwagie maji shimo watoto wakiwa nyumbani, na mtu huyo ni mlinzi au mpishi. Mwandikeni katika ratiba, na katika mavuno akumbukwe kwa mboga.

Na kabla hata ya kuozesha makombo, yapunguzeni. Shule nyingi hupimia chakula kwa idadi ya walioandikishwa, ilhali kila siku wapo wasiofika. Mwalimu wa zamu ampelekee mpishi hesabu ya waliohudhuria kabla mahindi hayajaingia sufuriani. Chakula kilicho safi kilichobaki kina wenyewe, na shule inawajua watoto wanaorudi nyumbani kusikopikwa. Pumba zinazotoka mahindi yanapokobolewa kuwa muthokoi ni chakula kizuri cha ng'ombe na kuku. Si taka hata kidogo.

*Kwa ufupi: taka ozo ndizo nyingi, ndizo zinazoharibu nyingine, na ndizo pekee ambazo shule inaweza kuzimaliza yenyewe ndani ya ua wake.*

Karatasi: bidhaa iliyo stoo bila kujulikana

Kurejeleza ni kukichukua kitu kilichokwisha kutumika, kukisaga au kukiyeyusha, kisha kukifanya malighafi ya kitu kipya. Karatasi ndiyo kitu chepesi zaidi kurejelezwa katika shule ya Kenya, kwa kuwa soko lake lipo. Viwanda vya Nairobi, kikiwemo Chandaria Industries, hugeuza karatasi kuukuu kuwa karatasi za chooni na za kufutia. Kutoka mjini Machakos hadi Nairobi ni kama kilomita 65 tu.

Tatizo ni wingi. Mnunuzi hawezi kupanda hadi vilima vya Iveti kufuata gunia moja la madaftari. Lakini shule kumi za eneo moja, kila moja ikihifadhi karatasi zake kavu stoo hadi mwisho wa muhula, zinaweza kujaza pikapu. Wakuu wa shule hukutana mara kwa mara kwa mitihani ya pamoja na michezo. Jambo hili lisemwe hapohapo, shule moja ikubali kuwa kituo cha kukusanyia, na fedha zigawanywe kwa uzito. Hazitakuwa fedha nyingi, na yeyote anayeziahidi shule utajiri wa karatasi anazidanganya. Zitanunua chaki na uma wa shamba.

Kabla ya kuuza, tumieni. Karatasi za mitihani ya majaribio zina upande mmoja mweupe. Zishoneni kwa uzi ziwe madaftari ya hesabu za haraka. Daftari lenye kurasa kumi tupu mwishoni mwa mwaka halijaisha. Vitabu vya kiada ambavyo serikali imekuwa ikipeleka moja kwa moja shuleni tangu 2018 vikifunikwa na kushonwa vizuri, vitamfaa mtoto wa tatu na wa nne.

Plastiki: langoni, kabla ya pipa

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Faini iliwekwa kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Aliyeishi Machakos kabla ya hapo anakumbuka jinsi mifuko ilivyokuwa ikichanua kwenye miiba ya migunga kama maua mabaya. Imepungua sana. Lakini marufuku hayo hayakuugusa ufungaji unaofanyika kiwandani. Ndiyo sababu mfuko wa mkate, pakiti ya maziwa, kifuko cha krisps na chupa ya soda bado vinaingia shuleni kila siku.

Hapa lazima tuwe wakweli kuhusu kipi kinarejelezwa na kipi hakirejelezwi. Chupa angavu za maji na soda zina soko. Tangu 2018 kampuni za vinywaji nchini zimekuwa na chombo chao, PETCO Kenya, cha kusukuma ukusanyaji wa chupa hizo. Madumu na chupa nzito za mafuta ya kupikia zina soko pia. Mhandisi Nzambi Matee ameonyesha kupitia kampuni yake ya Gjenge Makers, jijini Nairobi, kwamba plastiki ikichanganywa na mchanga hutoa matofali magumu ya kutandaza njia. Umoja wa Mataifa ulimtunuku mwaka 2020 kama mmoja wa mabingwa vijana wa mazingira. Ila kifuko cha krisps kimetengenezwa kwa matabaka ya plastiki na madini yaliyogandamizwa pamoja, na kuyatenganisha ni ghali. Hakuna mwenye mkokoteni atakayekinunua. Kwa hiyo kifuko hicho hakina dawa pipani. Dawa yake ipo kantini.

Bodi ya usimamizi wa shule ndiyo inayompa mwenye kantini ruhusa ya kuuza. Katika mkataba huo inaweza kuandika: mandazi, njugu, ndizi, viazi vitamu na mayai yauzwe, vitu vilivyofungwa kwenye vifuko vya plastiki visiuzwe. Wenye kantini wengi ni kina mama wa kijiji kilekile, na njugu za kukaanga kwenye kikombe cha kupimia huwapa faida wao badala ya kumpa msambazaji wa jijini. Uji upikwe sufuria moja, kila mtoto aje na kikombe chake.

Nina neno pia kuhusu mtaala. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unahimiza watoto watengeneze vitu kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yao. Wazo ni zuri. Lakini nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba walilazimika kununua soda ili mtoto apate chupa ya kupeleka darasani, au kununua katoni mpya dukani. Mwalimu anayefanya hivyo anaongeza taka huku akifundisha kuzipunguza. Dawa ni rahisi: kona ya darasa yenye sanduku la vifuniko, katoni, vitambaa na chupa zilizooshwa, vinavyotumika, vinavyovunjwa na kurudishwa sandukuni kwa zoezi lijalo. Pakiti za maziwa zinafaa kwa kuoteshea miche. Zitobolewe chini, zijazwe mboji iliyotajwa hapo juu, na kitalu cha shule kitakuwa kimeanza bila senti moja.

Zile ambazo hazina mnunuzi

Kuna taka ambazo watu huona haya kuzitaja, nazo ndizo zinazozijaza shule nyingi matatizo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kuwapa wasichana wa shule visodo bila malipo, na pia kuweka mahali salama pa kuvitupia. Sehemu ya kwanza ya wajibu huo inajulikana. Ya pili imesahaulika. Msichana asiye na pa kukitupa kisodo hukitia kwenye choo cha shimo, ambako hakiozi upesi kwa sababu kina plastiki ndani yake. Choo kilichokusudiwa kudumu miaka mingi hujaa mapema, na kuchimba kingine kwenye mwamba wa Machakos ni gharama kubwa.

Visodo vya kitambaa vinavyofuliwa ni suluhisho pale penye maji na faragha ya kuvianika juani. Pale ambapo wasichana wanabeba maji kwa madumu kutoka mtoni, kuwasukumia vitambaa ni kuwaongezea mzigo. Hapo shule ijenge tanuri dogo la matofali lenye dohani ndefu, mbali na madarasa, na iweke ndoo yenye kifuniko ndani ya choo cha wasichana. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho nakubali kichomwe, kwenye tanuri lenye moto mkali, kwa kuwa njia nyingine zilizopo ni mbaya zaidi. Mwalimu wa kike apewe jukumu hilo pamoja na fedha zake, kwa maandishi.

Taka za kielektroniki ni vifaa vya umeme vilivyokufa: simu, kompyuta, taa za sola, betri, na tabuleti ambazo serikali iligawia shule za msingi kuanzia 2016. Ndani yake mna risasi na metali nyingine zenye sumu. Zisizikwe wala kuchomwa. Zikusanyeni kwenye sanduku moja kavu, mkiheshimu taratibu za kufuta mali ya serikali katika daftari la shule, kisha zipelekwe kwa wanaozivunja kitaalamu. Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre, kilichozaliwa na shirika la Computers for Schools Kenya, kinachofanya kazi hiyo. Vioo vilivyovunjika vya maabara viwe na pipa lao la chuma. Basi.

Nani atafanya kazi hii?

Katika shule nyingi, kuokota takataka ni adhabu. Aliyechelewa anaokota karatasi. Aliyeongea darasani anazoa shimo. Mtoto anayelelewa hivyo kwa miaka minane atakuwa amejifunza vizuri sana kwamba taka ni kazi ya wakosaji, na akiwa mtu mzima atarusha chupa kupitia dirisha la matatu bila kuona tatizo. Shule inayotaka mabadiliko ianze kwa kuiondoa adhabu hiyo. Usafi uwe zamu ya wote, viranja wakiwemo, na walimu waonekane wakiinama pia.

Vyombo vya kuongozea vipo tayari. Klabu za 4-K, ambazo jina lake linatokana na kuungana, kufanya na kusaidia Kenya, zilifufuliwa rasmi mwaka 2021, na bustani ya shule ndiyo kiini chake. Wildlife Clubs of Kenya ziliasisiwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kwa kuwapa kina mama wa vijijini miche ya kupanda, alitumia miaka yake ya mwisho kuhubiri pia kupunguza, kutumia tena na kurejeleza. Hatukosi mifano wala vyama.

Tunachokosa ni mwendelezo. Mradi wa taka huwa wa mwalimu mmoja mwenye ari. Tume ya walimu, TSC, ikimhamisha, shimo la mboji hugeuka kichaka kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo mpango uwe wa shule, usiwe wa mwalimu. Uingie katika kumbukumbu za bodi na uwe na fungu dogo katika bajeti. Ushikwe na watu wasiohamishwa: mpishi, mlinzi, mtunza shamba na wazazi wanaoishi karibu. Na madarasa yafanye kazi kwa utaratibu wa mwethya. Juma hili Gredi ya 7 inageuza mboji, juma lijalo Gredi ya 8, na kila darasa lina kitanda chake cha mboga kinachonufaika.

Kaunti nayo isiachwe pembeni. Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Shule ambayo imeshamaliza taka ozo zake na kupanga karatasi na plastiki zake kavu inaweza kuandika barua ikitaka zilizobaki zichukuliwe mara moja kila muhula. Ombi la namna hiyo ni dogo, linatekelezeka, na ni gumu kulikataa.

*Kwa ufupi: adhabu iondolewe, kazi iandikwe, mavuno yagawanywe kwa waliofanya kazi.*

Kama wewe ni mzazi, mkutano ujao wa wazazi usikupite. Omba mambo mawili tu: taka za shule zipimwe kwa wiki moja, na kantini ipewe orodha mpya ya vitu vya kuuza. Kama wewe ni mwalimu mkuu, chimba shimo la mboji muhula wa pili, kabla ya Juni kwisha, ili Oktoba mvua ikikaribia mboji iwe tayari.